Tumaini Lisiloishia Kaburini

Katika maisha ya Mkristo hakuna mahali ambapo maneno hupimwa kwa ukali kuliko kando ya kaburi lililo wazi. Kanisani mtu aweza kuimba bila kuwaza sana. Barazani aweza kutoa mawaidha yasiyomgharimu chochote. Lakini asimamapo mbele ya mama anayemzika mwanawe, hana budi kuchagua: aseme kweli, au anyamaze. Neno la uwongo hutambulika hapo mara moja, hata kama mfiwa, kwa adabu yake, ataitikia na kushukuru.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, twapenda kuuliza swali ambalo kila mmoja wetu atalazimika kulijibu siku moja, kama hajalazimika bado. Je, liko tumaini ambalo laweza kutamkwa kaburini bila kumdanganya mtu? Na kama liko, tutalitambuaje kati ya maneno mengi ya faraja yanayosemwa matangani?

Lugha yetu hulitumia neno tumaini kwa mambo mengi. Mkulima hutumaini mvua, mwanafunzi hutumaini kufaulu mtihani, mgonjwa hutumaini kupona. Matumaini hayo ni mema, kwani mtu asiye nayo hawezi hata kushika jembe. Wahenga nao wametuachia methali za kuyatia nguvu: subira huvuta heri, baada ya dhiki faraja. Walakini yote yana mpaka mmoja. Mvua ya mwaka huu ikikosa, twangojea ya mwaka ujao; mtu akifa, hakuna msimu mwingine wa kumngojea. Kifo hakiji kama dhiki moja miongoni mwa dhiki nyingine. Huikata hesabu yote. Tumaini litakalostahili kuitwa la kudumu ni lile ambalo kifo chenyewe hakiwezi kulifuta, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Watu wenye nia njema hutoa majibu matatu, nayo yafaa yachunguzwe kwa heshima.

Jibu la kwanza lasema kwamba muda utaponya. Ni kweli kwamba machozi hupungua. Mfiwa hurudi shambani, hupika, na siku moja hucheka tena, wala hilo si dhambi. Lakini tutazame vizuri kile ambacho muda hukifanya. Hautuletei yule tuliyempoteza. Hutuzoeza tu kuishi bila yeye. Tena mfiwa mwenyewe mara nyingi huogopa uponyaji wa namna hiyo, kwa sababu aona kwamba kusahau kungekuwa kumpoteza mpenzi wake mara ya pili. Muda ni muuguzi mwema. Lakini hauna habari yoyote ya kutuambia juu ya marehemu.

Jibu la pili ni kwamba marehemu aendelea kuishi katika watoto wake na katika jina lake. Jibu hili lina mizizi mirefu katika Afrika, na sisi hatulidharau hata kidogo. Mzee anapomtazama mjukuu aliyepewa jina la babu yake, huona kweli kwamba ukoo haukukatika. Mtaalamu wa Kenya, John Mbiti, kasisi wa Kianglikana, alieleza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwa kutumia maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Alisema kwamba marehemu hubaki katika Sasa muda wote ambao wako watu waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Afapo mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani, hawi tena mtu mwenye jina kati ya watu wake. Wako wataalamu waliobishana na Mbiti juu ya maelezo yake ya wakati. Hata hivyo kila msomaji aweza kulipima jambo lenyewe nyumbani mwake. Jina la baba twalijua, la babu twalijua, na la baba wa babu labda. Zaidi ya hapo ni wachache wawezao kuhesabu bila kubabaika.

Na je, yule aliyekufa bila mtoto? Na mtoto mchanga aliyeishi siku tatu, ambaye hakuna amkumbukaye ila mama yake? Kama uzima baada ya kifo wategemea kumbukumbu ya walio hai, basi maskini na wapweke hufa kabisa, na wenye ukoo mkubwa hufa polepole. Kumbukumbu ni heshima kubwa, nalo Kanisa huitunza kila mwaka katika mwezi wa Novemba. Lakini kumbukumbu yetu ni chungu chenye ufa. Haiwezi kuhifadhi watu milele.

Jibu la tatu ni la wanafalsafa. Plato ametuandikia jinsi Sokrate, siku ya kunyweshwa sumu huko Athene mwaka 399 kabla ya Kristo, alivyozungumza na rafiki zake kwa utulivu juu ya roho isiyokufa. Kwa wazo hilo, mwili ni kama gereza, na kufa ni kufunguliwa. Kuna ukweli ndani yake, maana sisi nasi twasadiki kwamba roho haifi. Lakini muulize mjane ni kitu gani anachokililia. Atakutajia sauti iliyokuwa ikibisha hodi jioni, mikono iliyopanda ile minazi, na namna marehemu alivyokuwa akicheka. Hakupenda roho iliyofungwa gerezani, alipenda mtu. Faraja inayomwambia kwamba mwili ule haukuwa kitu, ila ganda la kutupwa, hulitukana pendo lake hata kama haikukusudia.

Sasa tutaona jinsi habari ya mitume ilivyo tofauti. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto, miaka kama 25 tu baada ya msalaba, hakuanza na nadharia juu ya roho. Alianza na tukio: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akaonekana. Akawataja mashahidi mmoja mmoja, Kefa na wale Kumi na Wawili, kisha ndugu zaidi ya mia tano, ambao wengi wao, asema, walikuwa bado hai wakati alipokuwa akiandika. Tena alikubali hatari yote ya maneno yake. Alisema wazi kwamba ikiwa Kristo hakufufuka, imani yao ni bure, nao Wakristo ni watu wa kuhurumiwa kuliko wote. Mtu atakaye kuwafariji watu kwa hadithi tamu hasemi hivyo, wala hawaonyeshi wasikilizaji wake mahali pa kumshikia endapo amesema uwongo.

Huko Athene watu wenye elimu walimsikiliza Paulo mpaka alipotaja ufufuko wa wafu. Hapo wengine wakamdhihaki. Twaelewa sababu. Wangempokea kwa urahisi kama angesema kwamba roho huruka kwenda juu. Yeye alisema neno gumu zaidi, kwamba Mungu hakitupi alichokiumba. Mbegu ipandwayo ardhini haifanani na mmea utakaochipuka, na hata hivyo mmea ule ni wa mbegu ile. Ndivyo utakavyokuwa mwili wa ufufuko, wenye utukufu ambao sisi hatuwezi kuuchora, nao ni wa mtu yuleyule.

Hatusemi kwamba hoja hizi zaweza kumlazimisha mtu asadiki. Imani ni tunu ya Mungu, na Tomaso mwenyewe, aliyeishi na Bwana, alichelewa. Lakini yafaa kuona kile alichoonyeshwa Tomaso. Alionyeshwa makovu. Mwili wa Kristo mfufuka haukufutwa alama za misumari, kana kwamba mateso yale hayakuwako. Kwa hiyo tumaini la Kikristo halimtaki mfiwa ajifanye hakuumia. Bwana mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua kwamba baada ya kitambo kidogo atamwita atoke. Na Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Machozi na tumaini vyaweza kukaa katika jicho moja. Anayemkemea mfiwa kwamba kulia ni kukosa imani, huyo ameikaza sheria kuliko Bwana wake.

Hapa twakutana na lawama nzito ambayo haifai kuepukwa. Mwaka 1844 Karl Marx aliandika kwamba dini ni afyuni ya watu. Maana yake ni kwamba anayeahidiwa mbingu huacha kudai haki yake duniani, kama mlevi anavyosahau njaa. Lazima tukiri kwamba wako waliolitumia jina la Mungu hivyo. Mtumwa aliambiwa avumilie, maskini aliambiwa asinung'unike, na aliyewaambia hayo mara nyingi alikuwa na shibe. Kama tumaini la ufufuko ndilo hilo, basi lawama ni ya haki.

Lakini mti hujulikana kwa matunda yake, na tumaini hujulikana kwa mikono ya mwenye nalo. Tutazame, basi, mahali pamoja ambapo kifo kilikuwa kazi ya kila siku.

Katika visiwa vya Hawaii, mwaka 1865, ilitungwa sheria ya kuwatenga watu wenye ukoma. Kuanzia mwaka 1866 wagonjwa walichukuliwa kwa meli na kuachwa kwenye rasi moja upande wa kaskazini wa kisiwa cha Molokai. Bahari iliwazunguka pande tatu, na upande wa nne kulikuwa na majabali marefu mno. Waliachana na waume, wake na watoto wao, na wengi hawakuwaona tena. Mpaka sheria ile ilipofutwa mwaka 1969, watu wapata 8,000 walikuwa wamepelekwa huko. Katika miaka ya kwanza nyumba hazikutosha, maji yalikuwa shida, wala hapakuwa na daktari wa kukaa nao. Wafu walizikwa ovyo, mara nyingi bila jeneza, katika mashimo mafupi. Watu waliokwisha kuhesabiwa kuwa wafu wangali hai, nani angewachimbia kaburi refu?

Tarehe 10 Mei 1873 alifika hapo padre mmoja wa Shirika la Mioyo Mitakatifu, Mbelgiji aitwaye Damien De Veuster, mwenye umri wa miaka 33. Alizaliwa mtoto wa mkulima, naye alijua kutumia msumeno na nyundo. Aliwahudumia wagonjwa kwa sakramenti, akawaosha vidonda, akajenga nyumba pamoja nao, akasaidia kuleta maji kwa mabomba. Pamoja na hayo alifanya kazi ambayo mtu mwenye haraka angeiona haina faida: alitengeneza majeneza kwa mikono yake, alichimba makaburi, alilizungushia ua eneo la makaburi, na aliwafundisha watu kuwazika wenzao kwa maandamano na nyimbo.

Tumwulize, faida gani? Mgonjwa aliyekufa hataona jeneza lake. Mbao zile zingaliweza kujengea walio hai. Jibu lapatikana katika imani yake, wala halipatikani pengine kwa urahisi. Damien alisadiki kwamba mwili ule uliooza kabla ya kufa, mwili ambao jamaa waliuogopa na serikali iliufukuza, utaitwa tena na Mungu kwa jina lake. Kama ni hivyo, haukuwa takataka. Na kama haukuwa takataka siku ya kufa, haukuwa takataka siku moja kabla. Heshima aliyoipa maiti ndiyo iliyomfundisha mgonjwa aliye hai kwamba yeye naye ni mtu. Mtu anayejua kwamba atazikwa kama mwana wa Mungu aanza kuona sababu ya kufagia nyumba yake na kupanda bustani yake.

Hapa ndipo lawama ya afyuni inapojibiwa. Tumaini la mbingu halikumlaza Damien usingizi. Lilimsumbua. Aliandika barua nyingi kwa wakubwa wa serikali na wa Kanisa akidai mbao, chakula, dawa na wasaidizi, hata baadhi yao wakachoka naye na kumwona mkaidi. Mtu asiye na tumaini angeliuliza kwa nini ahangaike, ikiwa wote watakufa. Yeye aliona kinyume chake, yaani kwamba hakuna jambo jema linalofanyiwa mwili wa mwanadamu litakalopotea, kwa sababu mwili wenyewe haupotei mbele ya Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha hivyohivyo mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, kwamba kuingojea nchi mpya kusipunguze bidii ya kuitunza hii tuliyo nayo, bali kuiongeze.

Mwisho wa mwaka 1884 aliweka mguu wake katika maji ya moto asisikie kitu, akajua kwamba ugonjwa umemfikia. Hakuponywa. Twalisema hili kwa makusudi, kwa maana wako wahubiri wanaouza tumaini kana kwamba ni dawa ya kuzuia kila ugonjwa. Aliendelea na kazi. Novemba 1888 walifika Masista Wafransisko wakiongozwa na Mama Marianne Cope, nao wakaichukua kazi ili isife pamoja naye. Damien alifariki tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Kuu, siku sita kabla ya Pasaka, akiwa na umri wa miaka 49. Akazikwa palepale kati ya watu wake. Mwaka 1936 mwili wake ulipelekwa Ubelgiji. Mwaka 1995 mkono wake wa kulia ulirudishwa Molokai na kuzikwa tena katika kaburi lake la kwanza. Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009, na Mama Marianne mwaka 2012.

Mwaka uleule wa 1873 ambao Damien alifika Molokai, daktari wa Norway, Armauer Hansen, alikigundua kijidudu kinacholeta ukoma, na leo ugonjwa huo unatibika kwa dawa. Twamshukuru Mungu kwa elimu hiyo, wala hatuoni ugomvi kati ya maabara na altare. Lakini dawa ilichelewa kwa wale waliokufa kabla yake. Maendeleo yote ya dunia yana upungufu huo: huwafaidia watakaokuja, hayawarudii waliokwisha kwenda. Tumaini linalosema tu kwamba kesho itakuwa njema haliwezi kumwambia chochote aliyezikwa jana. Ufufuko pekee wawahusu watoto wetu na babu zetu pia.

Haya yatudai nini sisi tulio hai?

Kwanza, yatudai kusema kweli kaburini. Tusimwambie mfiwa kwamba Mungu alimhitaji mtoto wake kuliko yeye, wala tusijidai kujua sababu ambazo Mungu hakutufunulia. Tuseme machache: kwamba kifo ni adui, kwamba Kristo amemshinda, na kwamba tutakaa naye katika huzuni yake. Na kama maneno hayaji, tubaki naye tu, tukimpikia na kumchotea maji. Hayo nayo ni mahubiri.

Pili, yatudai kuwatunza wagonjwa na wazee kabla hawajawa marehemu. Twafahamu misiba mingi ambapo fedha za jeneza na za kuwalisha wageni zilipatikana kwa siku mbili, wakati fedha za dawa hazikupatikana kwa miezi sita. Heshima ya maiti bila huruma kwa mgonjwa ni kinyume cha yale tuliyoyaona Molokai. Damien alipiga misumari ya jeneza kwa mikono ileile iliyofunga vidonda.

Tatu, na hili ni zito zaidi, yatudai haki kwa waliobaki. Wako watu wanaoitikia kwa sauti kubwa sala za kuaga marehemu, wakiungama kwamba atafufuka, na kabla ya arobaini wamekwisha kumfukuza mjane wake shambani na kugawana ng'ombe wa yatima. Twawauliza watu hao: siku atakapofufuka mtakutana naye kwa uso gani? Mtu anayesadiki kweli kwamba ndugu yake yu hai mbele ya Mungu hawezi kumtenda mkewe kama mali isiyo na mwenyewe. Anayemnyang'anya mjane ameonyesha kwa mikono yake kwamba, moyoni mwake, marehemu amekufa kabisa. Huko ndiko kuukana ufufuko, hata kama midomo haijawahi kukosa neno moja la Nasadiki.

Tumaini la kudumu, basi, halipimwi kwa nguvu ya nyimbo zetu asubuhi ya Pasaka. Hupimwa Jumatatu yake, na siku zinazofuata, nyumbani mwa wafiwa na vitandani pa wagonjwa, wageni wakiisha kuondoka. Aliyelipokea haoni aibu kulia wala haogopi kufanya kazi ambayo hataiona ikimalizika. Amekabidhi mwisho wa kazi hiyo kwa Yule aliyetoka kaburini akiwa na makovu yake. Mungu atujalie kusadiki hivyo, na tuishi na wafiwa wetu kama watu wanaosadiki.